Mgongo wa Mzee Mageni: Miaka Kumi na Minane Mgodini

Jumamosi hii, tarehe 19 Desemba 1959, king'ora cha mchana kitakapolia, Mzee Mageni Masele atakuwa ametimiza miaka kumi na minane ya utumishi katika mgodi wetu wa Nyamwilima, naye atastaafu; mingi ya miaka hiyo ameitumia akitia vidole katika mifuko yetu. Kamati ya Baraza la Wafanyakazi imeniomba mimi, Stanslaus Makoye, niandike wasifu wake kwa kuwa mimi, msaidizi wake, nimesimama naye langoni muda mrefu kuliko mtu mwingine. Kwa nini hawakumwomba karani, mwenye mwandiko mzuri, sijui. Nilipouliza walicheka tu. Bado nachunguza.

Mzee Mageni ni mtu wa Samuye, Shinyanga. Alifika Geita mwaka 1941 juu ya lori lililokuwa limebeba pamba na mbuzi, akaajiriwa kusukuma vigari vya mawe chini ya ardhi. Jiwe lilimvunja mguu mwaka wa pili. Alipopona, mguu ukawa haufai tena kwa ngazi, wakampeleka Lango la Pili, lile lililo kati ya nyumba ya kuyeyushia dhahabu na dunia nzima. Waliompeleka walidhani wanampa kazi ya kupumzika. Tangu siku ile hakuna aliyepumzika.

Alipekua kofia, soksi, nywele, kucha. Alikata sabuni vipande. Alitia kijiti ndani ya ugali wa watu. Fundi mmoja wa kinu, Januari, alikuwa akifuga jike la kuku nyuma ya karakana, na Pasaka ilipofika akataka kwenda naye nyumbani. Mzee Mageni alimtazama kuku, kuku naye akamtazama, halafu akasema kuku hula chochote kinachong'aa. Kuku akafungwa kamba kwenye nguzo ya lango mpaka kesho yake, na mavi yake yakaoshwa kwenye karai mbele ya mashahidi. Kilichopatikana ni mtama. Januari alikula Pasaka maharage, na hadi leo akipita pale huwika.

Meneja wa wakati ule, Mzungu mrefu aliyetembea kama aliyemeza ufito, alipita siku ya kwanza bila kugeuza shingo. Mzee Mageni akamwamkia kwa adabu zote, kisha akamwonyesha kwa kidole kofia yake. Tulishika roho. Meneja alisimama, akawa mwekundu, akavua. Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo kwamba wakubwa hawakaguliwi. Mwezi haukuisha tangazo likabanduliwa kimyakimya, na wakubwa wakaanza tena kuvua kofia. Kwa nini lilibanduliwa, na katika siku zile ni kitu gani kilipungua ndani ya sanduku la chuma la dhahabu, mimi sisemi. Nimesema tu kwamba lilibanduliwa.

Mwaka 1950 binti yake Bernadina aliolewa na Herman, fundi wa mitambo ya kinu, kijana mwenye sauti nzuri na maneno matamu. Harusi ilifana. Jumatatu yake Herman akaja langoni akitoka kazini, na watu wakajipanga kando kutazama sinema ya bure. Wote tunajua mila yetu: mkwe hamgusi mkwe, hamtazami usoni, wala hampandishii sauti. Sasa Mzee atafanyaje? Akimsachi, amejivunjia heshima. Akimwacha apite, kesho kila mtu atakuwa mkwe wake.

Mzee Mageni aligeuka. Alitupa mgongo, akaweka mikono nyuma, akatazama vilima vya Geita, kisha akaniita mimi. Akaniambia nimsachi yule kijana, na nisimwonee haya. Nikamsachi Herman mpaka kwenye visigino. Alipokwisha kupita ndipo Mzee akageuka tena, akaendelea na aliyefuata. Tangu siku ile mgodi mzima ulijua: Mzee akigeuza mgongo, maana yake huyu ni wake, asachiwe na mwingine.

Yeye mwenyewe je? Hilo nalo alilipangia. Baada ya uvumi fulani juu ya nyumba ya bati aliyojenga Samuye, aliamua kwamba kila jioni mtu wa mwisho kwenye foleni ndiye atakayemsachi yeye, awe nani. Wengine waliona aibu, wakawa wanampapasa tu mabegani. Hao aliwarudisha waanze upya. Mimi mwanzoni nilidhani ni maonyesho, maana mtu anayetaka sana kusachiwa naye ana jambo. Nilipokwenda Samuye kwenye msiba niliiangalia ile nyumba kwa makini. Bati ziko mbele tu, upande wa njia. Nyuma ni nyasi. Niliridhika kidogo.

Sasa nifike kwenye yale yaliyotufanya tumjue zaidi ya mifuko yetu.

Mwaka 1953 alikuja Mwalimu Valerian, aliyetumwa kufundisha uraia katika ukumbi wa kambi kila Alhamisi jioni. Nusu ya waliohudhuria walikuwa wafanyakazi wenye kiu ya kujua. Nusu nyingine, kwa maoni yangu, walitumwa kusikiliza nani anasema nini. Mzee Mageni alikaa nyuma karibu na mlango, mahali pa kazi yake. Mwalimu alieleza namna za utawala zilizopata kuwako duniani: utawala wa mtu mmoja, wa wachache, na wa wengi, na jinsi kila mmoja unavyooza. Akatueleza juu ya wenye hekima wa zamani waliojiuliza kwa nini mtu akubali kutawaliwa na mwenzake.

Mmoja wao, alisema, aliamini kwamba binadamu wakiachwa wenyewe watalana, basi heri wampe mmoja nguvu zote awatulize. Mzee Mageni akanyoosha mkono, akauliza huyo mmoja yeye si binadamu? Maana, alisema, hapo yeye anaona fisi wameogopana, wakampa fisi mmoja fimbo. Ukumbi ulicheka, na Mwalimu pia. Akasema ndiyo maana akatokea mwingine aliyesema kwamba mamlaka ni amana: anayepewa akiivunja, wenyewe waichukue. Hapo wazee wa Kisukuma walitikisa vichwa. Kwetu mtemi hakuwa akifanya apendavyo. Alikuwa na wazee wa kumweka na kumkanya, na miaka mvua ikikataa kabisa, alijua kinachomngoja. Mwalimu akaongeza kwamba wengine waliona hata hiyo haitoshi, wakaigawa serikali vipande: anayetunga sheria asiwe anayeitekeleza, na anayehukumu asiwe hata mmoja wao. Mimi nilifikiria ule mgongo pale langoni.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu akaja na mafundisho ya wale wanaosema kwamba watu wote wakikaa pamoja na kuamua kwa moyo mmoja, hawawezi kukosea. Ilikuwa fundisho tamu. Watu walipiga makofi, na Herman alipiga zaidi ya wote. Makofi yalipokwisha Mzee Mageni alisimama, na mguu wake mbovu, na mara hii hakuwa na utani.

Alisema, "Mwalimu, kijiji chetu chote kilikubali kumnyima mama yangu moto. Wote. Hapakuwa na mkono hata mmoja uliobaki chini. Sasa hao wote, wakishakuwa kitu kimoja, nani atawasachi?"

Kwa wasiozijua mila za Usukuma: kunyimwa moto ni kutengwa. Hakuna wa kukupa kaa la kuwashia jiko, hakuna wa kukusalimu kisimani. Ng'ombe wa kijiji walikuwa wamekufa kwa mkupuo, mganga akamtaja mjane huyo, wanaume wakakutana, wakakubaliana. Msimu mzima mama yake alikula vyakula vibichi, isipokuwa siku ambazo mwanawe mdogo, Mageni huyu, alifaulu kuiba makaa kwa jirani. Baadaye ng'ombe wengine walikufa mbele ya macho ya wachungaji, muda mfupi tu baada ya kula machipukizi ya mtama uliokwisha kuvunwa, ambayo kila mfugaji anajua yana sumu. Ndipo wakaja kumwomba radhi. Wote tena, kwa moyo mmoja.

Mwalimu Valerian hakubabaika. Alisema huko hasa ndiko somo linakoelekea: yako mambo ambayo hata watu wote wakipiga kura hawana ruhusa ya kumfanyia mmoja, na nchi inayoyaandika mambo hayo mapema, kabla ya hasira, ndiyo inayosemwa ina katiba. Nilimtazama Mzee. Alikuwa amekaa, ameshika kofia magotini, na macho yake yalikuwa na maji. Nilihuzunika. Miaka yote nilidhani amezaliwa vile.

Mwaka uliofuata mgodi uliruhusu tuwe na Baraza la Wafanyakazi. Kwa nini waliruhusu ni mada nyingine, na nina mawazo yangu. Tulipoandika katiba ya Baraza, Mzee Mageni alitusumbua hadi usingizi ukatutoka. Alitaka mwenyekiti akae miaka miwili tu, kisha apishe wengine. Alitaka ufunguo wa sanduku la kura usikae kwa mwenyekiti, na kwamba mtu asifukuzwe kambini kabla hajasikilizwa, hata kambi nzima ikimtaka aende. Juu ya kura yenyewe kulikuwa na mvutano mkubwa. Tumezoea kujipanga nyuma ya mtu umtakaye, mchana kweupe. Wazee wengi walisema anayeficha amtakaye ana tabia za wachawi. Mzee Mageni akajibu kwamba hata yule asiyetaka kumnyima mjane moto hunyoosha mkono kwa kuwa jirani anamwangalia. Sanduku likapita. Ufunguo akapewa yeye, nami nikapewa kazi ya kumwangalia yeye na ufunguo.

Mwenyekiti wa kwanza alichaguliwa Herman, mkwewe, na sina budi kusema haki: alifanya kazi. Posho ya unga iliongezwa. Bomba la maji likafika kambi ya juu. Mnyapara aliyekuwa akipiga watu akahamishwa. Wanawake walimwimbia. Kwa hiyo mwaka 1956, miaka miwili ilipoisha, ukumbi ulijaa hadi madirishani, na watu hawakuja kuchagua mwenyekiti mpya. Walikuja kuifuta ile miaka miwili ili Herman aendelee. Tena hawakutaka sanduku. Walitaka mikono juu, pale pale. Herman alikaa mbele akitabasamu. Alisema yeye hana tamaa, lakini watu wenyewe wakitaka, yeye ni nani wa kuwakatalia?

Nilikuwa nimesikia maneno ya namna hiyo langoni mara nyingi, kutoka kwa watu wenye kitu ndani ya soksi.

Macho yote yakamgeukia Mzee Mageni, mwenye ufunguo. Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Baba mkwe hawezi kusimama ukumbini akamkatalia mkwewe mbele za watu. Akifanya hivyo anaivunja nyumba ya binti yake kwa mkono wake. Bernadina alikuwa amekaa pale pale mbele, na mtoto mgongoni. Akinyamaza je? Mikono itapanda, na ile karatasi tuliyoisumbukia itakuwa ya kufungia karanga.

Mzee alisimama. Akaweka ufunguo juu ya meza. Akaenda polepole hadi mlangoni kwa mguu wake mbovu, akageuka, akatupa mgongo ukumbi mzima, mikono nyuma, akatazama nje.

Kelele zilipungua, zikaisha. Hapana mtu wa Nyamwilima asiyeujua ule mgongo. Ndipo akasimama Philomena, afuaye mashuka ya hospitali, mama asiyesemaga mikutanoni. Alisema, "Mzee amegeuka. Basi mkwewe asachiwe na sisi."

Nilileta sanduku. Walipiga kura mmoja mmoja, kimya, na waliohesabu walikuwa Philomena na Januari, ambaye hakuna wa kumshuku kuwa rafiki wa Mzee Mageni tangu mambo ya kuku. Miaka miwili ilishinda, kwa kura chache sana. Watu wale wale waliokuwa wakidai mikono juu kwa kelele! Herman aliinuka, akashika mkono wa Bernadina, wakapita mlangoni. Mzee aligeuza uso pembeni, maana hakuweza kumtazama mkwewe, na kwa kutomtazama mkwewe hakumwona hata binti yake akipita. Mwisho wa mwezi Herman aliacha kazi, akahamisha nyumba yake kwenda Ushetu, upande wa Kahama, kulima. Tangu hapo Mzee Mageni hakumtia machoni mjukuu wake.

Maneno yalisemwa, na sitayaficha, maana huu si wasifu wa malaika. Wapo wanaosema alikuwa akikitaka kiti mwenyewe. Hakukigombea, lakini wanasema bado anakitaka. Wengine wanasema hakuwa na mawazo ya katiba hata kidogo, bali alikimbia ugomvi kama mila inavyomtaka, na sisi ndio tuliousoma mgongo wake tulivyotaka. Nilimuuliza siku moja tukinywa chai langoni, ni lipi la kweli. Aliniuliza nani kanituma. Lakini nimemwona jioni nyingi lori la Kahama likipita barabarani, anavyoacha kumpekua mtu katikati ya mfuko na kulitazama mpaka vumbi litulie. Yeye huwa haachi mfuko katikati.

Wiki mbili zilizopita Kamati yetu ilikaa ikaamua kwamba, kwa heshima, siku yake ya mwisho Mzee Mageni apite langoni bila kusachiwa. Waliafiki wote isipokuwa mimi. Alipopashwa habari hakufurahi hata kidogo. Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyetukanwa. "Mmenipekua kila jioni, ndiyo maana nalala," alisema. "Siku nisiposachiwa ndiyo siku mtakayoanza kunisema." Kamati ikarudi kikaoni ikiwa imenywea. Naitaja habari hii kwa makusudi. Siku hizi maneno ya madaraka yako kila kona, redioni na sokoni, na mimi pia nayafurahia. Lakini nimeanza kusikia wakubwa watarajiwa wakisema kwamba nchi ikishakuwa yetu, na wakubwa wakiwa ndugu zetu, tutaaminiana tu. Ndugu zetu! Mzee Mageni alikuwa na ndugu ndani ya foleni ile ile.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapo juzi. Leo asubuhi naongeza haya machache, karani anayenakili atanisamehe kwa kuharibu ukurasa wake.

Jana jioni Bernadina alishuka kwenye lori la Kahama, na yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa anakimbia. Sitaeleza jinsi Mzee alivyompokea, kwa sababu mimi nami nilikuwa na vumbi machoni. Alileta ujumbe wa mumewe. Herman alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima kule Ushetu, wakulima wakampenda kama sisi tulivyompenda, na muda wake ulipofika mwisho walimwomba aendelee. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Mwambie baba nimetoka. Muda wangu uliisha."

Mzee Mageni alimpakata mjukuu, aliyekuwa akimvuta kofia. Kisha akauliza, "Nani kahesabu kura za aliyemfuata?" Bernadina akajibu kwamba ni mama mmoja muuza dagaa, asiye upande wowote. Mzee akacheka. Miaka yote hii sikuwahi kujua kwamba hana jino la juu.

Basi, Mzee Mageni, Ng'wana Masele, ukisikia maneno haya yakisomwa, jua yamekaribia mwisho. Wafanyakazi wa Nyamwilima tunakushukuru kwa kutushuku bila upendeleo, weusi kwa weupe, wakubwa kwa wadogo. Wabeja sana. Zawadi zako ni blanketi, taa ya mafuta na jembe. Blanketi tutalikunjua, taa tutaifungua na jembe tutalichomoa mpini, kwenye Lango la Pili, mbele ya mashahidi. Foleni ya leo wa mwisho ni mimi, nimehakikisha, na visigino vyako sitavionea haya.

Jambo moja bado. Nje ya lango, upande wa barabara, kuna mtu amesimama tangu jua halijachomoza. Askari wamemwambia aingie kivulini, amekataa. Nimemchungulia mara mbili. Ni Herman. Ametupa mgongo, mikono nyuma, anatazama vilima. Kwa kazi yangu ningepaswa kufikiri mabaya, kwamba ana kinyongo au ana neno la kutoa mbele za watu. Lakini nimeutazama ule mgongo vizuri, Mzee, na kwa mara ya kwanza tangu uyafundishe macho haya kushuku, nashuku jambo jema.

Ukishasachiwa, pita. Nenda taratibu na mguu wako, ule moto wa mama yako usizimike nyumbani kwako, na maisha yako ya Samuye yawe mema hadi upande wa nyasi.